Kwa mnaotunga albamu yenu ya kwanza kuhusu mazingira

Wadogo zangu mnaoingia studio na gitaa, mkitaka kutoa albamu ya roki laini kuhusu mazingira, kwanza kaeni na Windsong, albamu ya mwimbaji Mmarekani John Denver, iliyotoka mwaka 1975. Isikilizeni yote, bila kurukaruka.

Wengi huniletea mashairi yaliyobeba kila kitu: misitu, bahari, moshi wa viwanda, tembo, vizazi vijavyo. Msikilizaji anakosa pa kushika. Denver, katika wimbo wa Calypso, hakuimba bahari nzima. Aliimba meli moja tu, ya mtafiti Mfaransa Jacques Cousteau. Meli hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1942 kwa kazi ya kuondoa mabomu ya baharini, baadaye ikawa kivuko huko Malta, ndipo Cousteau akaigeuza chombo cha utafiti. Sikilizeni kiitikio kinavyoishia: maneno yanakatika, inabaki sauti tupu ikipanda na kushuka. Mimi hapo ndipo ninapoiona bahari. Hajaueleza upana wake, lakini tumeusikia.

Wimbo wake mwingine, Rocky Mountain High wa 1972, nao ulitokana na usiku wa vimondo vya Agosti kando ya ziwa, milimani Colorado. Alikuwepo, aliona, kisha akautunga kwa miezi. Mwaka 2007 jimbo hilo likaufanya mmoja wa nyimbo zake rasmi. Kwenye gitaa la wimbo huo, uzi mnene umeshushwa kutoka noti ya E hadi D. Jaribuni leo: shusheni huo uzi, shikeni kodi (chord) ya D ya kawaida, pigeni nyuzi zote sita. Chini panakuwa na mvumo mzito, na juu panabaki wazi. Msiharakishe kuuziba uwazi huo kwa kinanda na ngoma.

Basi chagueni mto mmoja, au mti mmoja, mwende mara kwa mara na daftari, kiangazi na masika.

Sauti za mvua na ndege rekodini wenyewe, palepale mnapopaimba. Nendeni alfajiri kabla pikipiki hazijaanza. Vikeni maiki sponji au kifuniko cha manyoya, maana upepo ukiipiga moja kwa moja unanguruma na hakuna fundi atakayeuondoa vizuri. Msiishike mkononi, iwekeni kwenye stendi. Mkimaliza, iacheni irekodi dakika chache zaidi mkiwa kimya. Mara nyingi kipande hicho ndicho kinachoingia kwenye wimbo.