SRTM inaniletea patupu mto Noatak, nakosea wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Nasoma jiomatiki hapa Dar, nimepewa kazi ya kuchora ramani ya miinuko ya bonde la mto Noatak, Alaska. Rufiji nilitumia SRTM (data ya miinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani) ikakubali freshi, huku napata patupu tu. Shida programu au mimi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hujakosea kitu. SRTM ilipimwa Februari 2000 na chombo cha Endeavour, siku 11 tu, na njia yake angani haikupanda mpaka karibu na ncha ya dunia, ndo maana data inakatikia latitudo 60 kaskazini, sasa Noatak iko juu ya 67 huko kwenye milima ya Brooks, hata ubadilishe programu mara kumi hutapata kitu.

Chukua IfSAR, data ya miinuko ya Alaska ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani). Ni bure, pikseli mita 5, ni rada ya kwenye ndege kwa hiyo mawingu hayaizuii, na kule kiangazi ni kifupi mno. Kuna ArcticDEM pia, data ya miinuko ya Aktiki, mita 2, inavutia sana machoni ila imetokana na picha za setelaiti, juu ya maji inaleta vinundu ambavyo havipo, halafu urefu wake unaanzia kwenye elipsoidi (umbo laini la dunia la kimahesabu) siyo usawa wa bahari, ukiiunga na IfSAR hivyo hivyo utaona ngazi imejitokeza pale kwenye mshono.

Kingine, na hiki ndo kinaangusha wengi: digrii. Rufiji digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 110, Noatak haizidi 44, sasa ukikokotoa mteremko rasta (ile data ya pikseli) ikiwa bado kwenye digrii majibu yote yamepotoka. UTM, mfumo unaogawa dunia kwa zoni, nayo itakusumbua maana mto unaanzia zoni 5 unaishia zoni 3. Weka kila kitu Alaska Albers, mfumo mmoja wa ramani kwa Alaska nzima, namba yake kwenye programu ni EPSG 3338.

Ramani za zamani za 1:63,360 zitumie kwa majina tu. Kontua ziko kwa futi, datamu (msingi wa vipimo) ni ya zamani, NAD27, picha zake nyingi za miaka ya 1950. Niliwahi kuilaza moja juu ya picha mpya ya setelaiti, mstari wa bluu wa mto ukapita katikati ya kokoto na vichaka, mto wenyewe ulishahamia pembeni, tena umegawanyika mikondo mitatu. Kwa hiyo mkondo uchore kwa picha mpya, na uandike tarehe ya picha kwenye ramani.