Kabla hujapima CK, kumbuka juzi ulibeba nini

Jumamosi ile tulikuwa tunamwaga zege la msingi wa nyumba yangu, na saidia fundi wawili hawakutokea. Zege halilali. Nikavua shati, nikaingia kwenye mstari wa kupokezana ndoo tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Jumatatu mapaja na kifua viliniuma mpaka nikawa nashuka ngazi kwa kushika ukuta. Jumanne ilikuwa siku yangu ya kliniki, kwa kuwa natumia atorvastatini kushusha kolesteroli. Nikatolewa damu, nikaenda zangu kazini.

Majibu yakaja: CK, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ikiumia, ilikuwa 1,480, na pembeni imechapwa kwamba mwisho wa kawaida ni 190. AST, kipimo ambacho wengi hukihusisha na ini, nayo iko juu. Jirani yangu, mtu mwenye nia njema kabisa, akaitazama karatasi akasema hilo ni ini, dawa ndiyo inanimaliza, niitupe. Usiku ule sikulala.

Daktari hakuanza na karatasi. Aliniuliza, "Wiki hii umefanya kazi gani nzito?" Kisha, "Mkojo wako una rangi gani?"

CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za misuli na kuzisaidia kupata nguvu ya haraka. Seli ikijeruhiwa, kinavujia kwenye damu. Ukifanya kazi ngumu ambayo mwili haujaizoea, hupanda na kufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya nne, yaani palepale nilipochomwa sindano ya kutolea damu. AST nayo imo kwenye misuli, si kwenye ini peke yake. Hata sindano ya msuli uliyochomwa juzi inaweza kuipandisha CK. Degedege pia, na tezi ya shingo (thairoidi) ikilegea kazini.

Swali la mkojo ndilo naomba ulishike. Misuli ikivunjika kwa wingi humwaga myoglobini, protini iliyomo ndani yake, na hiyo huumiza figo. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Ukiuona hivyo usisubiri kesho, nenda hospitali. Wangu ulikuwa mweupe, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa salama.

Kwa sababu kifua kilikuwa kinauma, alinipima umeme wa moyo na troponini. CK inasema msuli umeumia, lakini haisemi ni msuli upi. Troponini ni protini, si kimeng'enya, na leo ndiyo inayotegemewa kutambua shambulio la moyo. Huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo hurudiwa. Yangu ilikuwa sawa mara zote mbili. Ila kifua kikibana, jasho la baridi likakutoka, maumivu yakapanda tayani au mkononi, usizunguke maabara ukitafuta kipimo cha bei nafuu. Nenda idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Dawa aliisimamisha yeye mwenyewe kwa wiki mbili, akaniambia ninywe maji na nipumzike. Nikapima tena: 280. Bado imepita 190, na moyo ukanishtuka upya. Akanieleza kwamba watu weusi, hasa wanaume, kwa kawaida wana CK ya juu bila ugonjwa wowote, na mipaka inayochapwa kwenye karatasi nyingi haizingatii hilo. Kwa kweli jambo hili linaniuma. Ni wangapi wameacha dawa inayolinda moyo wao kwa sababu ya nyota moja iliyochapwa kando ya namba?

Akanirudishia atorvastatini. Wiki sita baadaye CK ilikuwa 265. Dawa haikuwa na kosa.

Sasa nina daftari. Kila kipimo nakiandika na tarehe, na chini yake nilichofanya wiki ile: kazi, safari ndefu ya miguu, sindano, dawa mpya. Daktari hulisoma kabla ya majibu. Kliniki ijayo ni mwezi wa kumi, na mafundi nimeshawaambia: mbao za paa zitapandishwa nikishatoka kupima.