Niliitwa ziro, sasa nimemaliza CPA

Wiki iliyopita Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilitoa matokeo, na namba yangu imo kwenye orodha ya waliofaulu hatua ya mwisho ya CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu. Nilikuwa kwenye daladala. Nililia mpaka dada niliyekaa naye siti moja akanishika mkono bila kuniuliza chochote. Jioni yake nikapata ujumbe wa msomaji: "Dada, nilipata ziro kidato cha nne na nyumbani ndilo jina langu sasa. Naanzia wapi kujiamini?"

Mdogo wangu, jina hilo nimelibeba kabla yako.

Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2012. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima tulikuwa na daraja la sifuri. Kelele zilikuwa kila mahali, bungeni hadi vijiweni. Lakini nyumbani kwa baba mdogo, Mwanza, nilikokuwa nikilelewa, hakuna aliyezungumzia nchi nzima. Nilizungumzwa mimi. Siku moja nawanawisha wageni mikono, baba mdogo akasema nikiwa nimeinama pale pale: "Huyu shule basi. Mtafutieni mume." Wageni wakacheka. Nimemsamehe, Mungu ni shahidi, ila kicheko kile bado nakisikia.

Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Yaliporudi, ziro yangu ilikuwa imegeuka daraja la nne, pointi 33. Hebu fikiri. Tangu nitoke chumba cha mtihani sikuwa nimefungua kitabu hata kimoja. Kichwa ni kilekile, majibu ni yaleyale, ila karatasi imebadilika. Miezi mitatu nzima nilikuwa nimeinamisha uso kwa ajili ya karatasi! Hapo nikaanza kujiuliza ni nani hasa anayejua ninachoweza. Baba mdogo hakijui. Na ukweli uchungu ni kwamba hata mimi sikukijua.

Watu wengi watakwambia usimame mbele ya kioo kila asubuhi ujitangazie ushindi. Nilifanya hivyo. Kila nikisema "mimi ni mshindi," moyo unauliza, "umemshinda nani?" Nanyamaza. Moyo haudanganyiki kirahisi, unataka kuona.

Kilichouonyesha moyo wangu kitu ni dagaa. Pale soko la Mwaloni, Kirumba, kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipokea magunia ya dagaa kutoka Ukerewe na Ukara, halafu anawauzia wanunuzi wa Congo na Burundi. Alinichukua nimsaidie kushona magunia. Daftari lake lilikuwa limechanganyika, madeni ya mwezi huu juu ya mauzo ya mwezi ule, namba za simu katikati. Nikamwomba nilipange. Nikachora mistari: yaliyoingia, yaliyotoka, anayedaiwa. Siku ya kumi tukagundua kuna magunia 6 yamelipiwa nauli ya boti lakini sokoni hayakufika. Mama akaliangalia daftari, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, kuanzia leo kalamu unashika wewe."

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka siku iishe. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu. Umeweza nini? Nimepata magunia sita.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanasaikolojia Albert Bandura alishalieleza jambo hili mwaka 1977. Alisema imani ya mtu kwamba anaweza kazi fulani hulishwa na mambo manne: kazi aliyoifanya mwenyewe ikakubali, kumwona mtu wa hali yake akifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na anavyojisikia mwilini anapoikabili kazi hiyo. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Maneno matupu yako mbali nyuma. Kumbe Mwaloni nilikuwa darasani.

Mengine nitayapita haraka. Novemba 2013 nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikaingia kwenye cheti cha awali cha uhasibu, nikapanda hatua kwa hatua, mchana kazini, usiku kwenye vitabu. Somo la kodi la hatua ya mwisho lilinirudisha mara mbili. Mara ya pili nilitaka kuacha. Nikafungua daftari ninaloandika kila nilichokimaliza tangu mwaka 2013, nikasoma ukurasa wa kwanza: magunia 6. Nikalipia tena mtihani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo huo mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: fanya kitu kidogo, kimalize, kiandike. Kesho fanya kingine, kimalize, kiandike. Wewe unayengoja ujiamini kwanza ndipo uanze, utangoja hadi uzeeke. Acha kuwapelekea watu moyo wako wakupimie! Waliokucheka hawana mizani. Na usimalize usiku ukigombana nao kichwani, usiku ule ni wa kusoma.

Ndugu wengi wamenipigia kunipongeza. Shangazi amepiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Baba mdogo hajapiga.

Wewe uliyeniandikia, nunua daftari leo, hata lile dogo la kurasa 48. Andika jambo moja ulilowahi kulimaliza, hata kama nyumbani wanaliona halina maana: ulimfundisha mdogo wako kusoma, ulitunza kuku wakaongezeka, chochote. Kisha nenda kituo cha mitihani kilicho karibu nawe ukaulize usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafunguliwa lini. Ukirudi, andika: nimeuliza.