Saa ya simu, mioyo mitano na magunia mawili ya dagaa

*Uliza Fundi: barua za wasomaji zinajibiwa na fundi simu wa Mwanga, Kigoma*

Kaka fundi, habari za kazi. Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi. Siku za giza naamka saa nane usiku, nashuka ufukweni kusubiri mitumbwi irudi. Kusubiri kule ni kurefu, na baridi ya ziwa unaijua. Mwanangu wa kidato cha pili aliniwekea Candy Crush, lile la kuvunja pipi, nami nimelipenda kweli gemu lile, sasa niko hatua ya 214. Shida yangu ni mioyo, yaani zile nafasi za kucheza. Ikiisha yote mitano, lazima ningoje. Mwanangu akanifundisha kusogeza tarehe ya simu mbele, mioyo ikawa inajaa palepale. Nimefanya hivyo wiki nzima. Baadaye WhatsApp ikakataa kufunguka, ikasema tarehe si sahihi. Nikarudisha tarehe, gemu nalo likaniambia ningoje siku nne! Na kubwa kuliko yote, mteja wangu wa Dar alituma hela ya magunia mawili, mimi nikamwambia haijaingia kwa sababu meseji sikuiona. Akakasirika, akachukua mzigo kwa mwingine. Jioni naikuta meseji yake imo, ila imekaa chini ya meseji za zamani. Je, simu imeharibika? Na je, niliache gemu?
*Mama wa Dagaa, Kibirizi*

Habari njema, dada yangu, na pole sana kwa huyo mteja. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana simu za namna hii naletewa kila mwezi na wenyewe wanadhani zimekufa. Yako ni nzima. Kilichovurugika ni saa.

Nianze na hela. Meseji inapoingia, simu huipiga muhuri wa saa iliyomo humo simuni, halafu inazipanga meseji kwa mihuri hiyo. Wiki ile ulipokuwa umeisogeza tarehe mbele, kila iliyoingia ilipigwa muhuri wa siku ambayo bado haijafika. Uliporudisha tarehe, hela ya mteja ikaingia na muhuri wa leo, na leo iko nyuma ya hizo siku za mbele, kwa hiyo ikapangwa chini yao. Wewe uliangalia ya juu kabisa, kama tunavyofanya sote. Hukukosea kusoma.

Kuanzia sasa, meseji ya pesa usiisome kwa mahali ilipokaa. Ifungue. Ndani ya maandishi yenyewe mna tarehe, saa na namba ya muamala, na hayo yameandikwa na mitambo ya kampuni, hayajui simu yako imesogezwa wapi. Kisha angalia salio. Usimjibu mteja "haijaingia" kabla ya kuangalia salio, hata kama mikono imejaa dagaa na mitumbwi mitatu imefika kwa mpigo. Na huyo wa Dar mpigie, usimwandikie. Mwambie ukweli wote kama ulivyoniambia mimi, na kama hela yake bado iko kwako, mrudishie leo hii bila kungoja akuombe.

Kurekebisha ni hivi: ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta tarehe na saa, washa ile ya kujipanga yenyewe kwa mtandao. WhatsApp itafunguka. Ila sisi wa Kigoma tuna jambo letu ambalo mtu wa Dodoma halijui. Burundi na Kongo ya ng'ambo ya ziwa wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikiwa karibu na mpaka au huko ziwani, hunasa mnara wa upande wa pili na kurudi nyuma saa nzima bila kukuuliza. Wavuvi na wafanyabiashara wa Kagunga na Manyovu ndio wanaoniletea malalamiko hayo. Dawa yake ni kuacha saa ijipange yenyewe, lakini saa za eneo ukazichagua kwa mkono wako: Dar es Salaam. Hapo simu haitavuka mpaka peke yake.

Zile siku nne za gemu, zingoje. Gemu limeandika kwamba moyo wako wa mwisho ulijaa siku fulani ya mbele, na sasa linasubiri siku hiyo ifike kweli. Ukisogeza tena utaongeza deni. Wala usilifute ili uliweke upya, maana kama hukuliunganisha na akaunti, hatua zako 214 zinakwenda nalo. Mwambie mwanao akuunganishie akaunti leo, kabla ya kitu kingine chochote, ili hata simu ikitumbukia majini, hatua zako zibaki.

Mimi mwenyewe mchezo huo wa saa ulinifundisha kwa hofu. Nilikuwa nakwenda Kasulu kuchukua vioo vya simu, basi la alfajiri, hela ya mzigo iko mfukoni. Usiku ule nilisogeza saa mbele saa tatu ili nipate mioyo, nikacheza, nikalala bila kuirudisha. Kengele niliiweka saa kumi na nusu alfajiri. Ikalia, nikaangalia kioo, kweli saa kumi na nusu, nikavaa viatu nikatoka. Nilipofika stendi hakukuwa na basi, hakukuwa na mama wa chai, hakukuwa na taa ila moja ya mlinzi. Nikamuuliza mabasi yako wapi. Akanionyesha saa yake ya mkononi chini ya ile taa: saa saba na nusu usiku. Nilikaa naye kwenye benchi mpaka kulipopambazuka, mkono haukutoka mfukoni, na kila aliyepita nilimwogopa. Tangu usiku huo sijasogeza saa ya simu kwa ajili ya gemu lolote.

Sasa kuhusu kuliacha. Kwa nini uliache? Candy Crush lipo tangu mwaka 2012, na limetengenezwa makusudi likusimamishe: mioyo mitano, kila mmoja unarudi baada ya nusu saa. Piga hesabu kwa saa zako. Ukiimaliza yote saa tisa usiku, itakuwa imejaa saa kumi na moja na nusu, na hapo mitumbwi inaingia, huna haja nayo tena. Kwa hiyo usiimalize mwanzo wa usiku. Cheza mmoja, weka simu, jifunike khanga, ongea na wenzako, cheza mwingine.

Na uufanye kila moyo ukae. Wengi wanaosumbuka hatua za mia mbili wanavunja pipi za juu kwa sababu ndizo zilizo mbele ya macho. Anzia chini. Ukivunja chini, zote za juu zinaporomoka, na katika kuporomoka zinajipanga zenyewe, unapata pointi bila kutumia nafasi ya kusogeza. Usiridhike na tatu tatu. Nne mstari mmoja zinakupa pipi ya mistari. Tano zikikutana kwa pembe, zinakupa ile iliyofungwa kwenye karatasi. Tano mstari mmoja zinakupa bomu la rangi, lile linalofanana na tonge la chokoleti lenye punje za rangi. Bomu hilo usilitumie haraka. Ukilibadilishana na pipi yoyote linalipuka papo hapo, kwa hiyo liache mpaka pipi ya mistari ikae ubavuni mwake, ndipo uzibadilishane. Ukiona jinsi ubao mzima unavyochanika, utasahau baridi.

La mwisho kwako: zima intaneti unapocheza, gemu linaendelea bila hiyo, na matangazo ya video hayatakula bando lako. Lakini usibonyeze ile alama ya ndege. Ukiibonyeza, simu haipokei hata mlio, na mwenye mtumbwi akikupigia kwamba ameshapata, atakukosa.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, naishi Mwandiga. Rafiki yangu amenirushia gemu la mpira lenye sarafu zisizoisha, unanunua mchezaji yeyote unayemtaka. Nimeliweka kwenye simu ya mama. Linaniuliza niruhusu lisome meseji na lipige simu. Nikikataa linajifunga. Niruhusu?
*Kijana wa Mwandiga*

Marahaba, mdogo wangu. Hapana. Na ahsante kwa kuuliza kabla ya kubonyeza, wengine huniuliza baadaye.

Fikiri kidogo: mpira unahitaji meseji za mama za nini? Gemu la mpira linahitaji kioo, spika na nafasi kwenye simu, basi. Aliyelifungua gemu la watu akalitia sarafu za bure hakukesha akifanya kazi hiyo kwa kukuonea huruma wewe wa Mwandiga. Anayesoma meseji anaona hela inayoingia, anaona na zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa mtu anapotaka kufungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Mama akitoka kuuza mawese, simu hiyo ndiyo kibubu chake, ndiyo daftari lake la madeni, ndiyo kengele ya kukuamsha wewe uende shule.

Fanya hivi leo. Zima intaneti, lifute gemu, na faili lake ulilorushiwa nalo ulifute kwenye mafaili. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa za programu, uangalie ni zipi zinaruhusiwa kusoma meseji. Ukikuta usiyoijua, ondoa ruhusa. Kisha mwambie mama abadilishe namba yake ya siri ya pesa. Najua sehemu ya kumwambia mama ndiyo ngumu. Mwambie hivyohivyo, umelifuta kabla halijafanya lolote.

Gemu la mpira lipakue kutoka Play Store, uzitafute sarafu kwa kucheza. Na akitokea mtu wa kukuonyesha kindege cha kubeti akakwambia nacho ni gemu, hicho ni kamari, na sheria ya nchi inakikataza kwa aliye chini ya miaka 18.

Kijana wangu fundi, salaam. Nilifanya kazi reli, sasa nimestaafu, nipo Isevya, Tabora. Zamani nilikuwa na simu ndogo ya Nokia. Ilikuwa na nyoka, na ilikuwa na mchezo wa mashimo na kete niliokuwa nacheza zamu za usiku. Wajukuu wanasema nimechanganya, hakuna bao kwenye simu ya zamani. Mimi sijachanganya. Je, ule ulikuwa bao? Na kwenye hizi simu za kugusa lipo bao la kweli?
*Mstaafu wa reli, Tabora*

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu wasikusumbue, hujachanganya hata kidogo. Mchezo ule unaitwa Bantumi, na ulikuwamo kwenye Nokia 3310 ya mwaka 2000, pamoja na nyoka. Nami niliucheza kwenye simu ya mjomba wangu hapa Ujiji, na nakumbuka jinsi kete zilivyokuwa vidoti vyeusi vinavyodondoka kimoja kimoja.

Ni ndugu wa bao, lakini si bao letu. Bantumi ina mashimo sita kila upande na ghala moja moja pembeni, na unapanda kete, yaani unazigawa shimo kwa shimo, kuelekea upande mmoja tu. La kwetu, wewe unalijua kuliko mimi: mashimo 32, kete 64, na mchezaji anachagua aanzie kichwa kipi.

Kwenye Play Store ukiandika bao utapata kadhaa, na si zote ni za kweli. Usihangaike na picha zao nzuri, zikague hivi: fungua mchezo uangalie unavyoanza. Kama umeanza na namua, ile sehemu ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, nyumba (lile shimo kuu) ina kete sita, mashimo mawili ya jirani yana mbili mbili, na mkononi umebakiwa na 22, basi aliyeitengeneza alikaa barazani akafundishwa. Kama kete zote zimeshamwagwa mbili mbili ubaoni tangu mwanzo, hilo ni bao la kujifunzia, uwape wajukuu.

Hata hiyo ya kweli nikutahadharishe kwa jambo moja, kwa sababu najua litakuumiza. Simu inapanda yenyewe. Unagusa shimo, kete zinakimbia, zinakula, zinaendelea, na kabla hujafuata kwa macho zimeshalala. Ule uzito wa kete kiganjani, unaokwambia ni saba au nane kabla hujahesabu, haupo. Tafuta kwenye mipangilio yake sehemu ya kupunguza mwendo, uweke wa chini kabisa. Kwa mwendo huo nami naweza kufuata takata, yaani mwendo usiokula, ya mpinzani mpaka mwisho nikajua nilikosea wapi.

Nikienda Dar kuchukua vipuri napanda treni, na Tabora husimama kwa muda wa kutosha. Ukisikia imepigwa honi, mzee wangu, njoo stesheni na ubao wako. Namua tutaicheza pale pale jukwaani, na mtaji, ile sehemu ya pili kete za mkononi zikiisha, tutaumalizia nikirudi.