Seva ya ofisi ndogo: panga nakala rudufu kabla ya kununua mashine

Ndugu, umeeleza kwamba mnafungua ofisi ya watu wanane, kwamba mnahitaji mahali pamoja pa kuhifadhia mafaili na kuendeshea programu ya uhasibu, na ukauliza mnunue mashine ya namna gani na kama seva hiyohiyo inaweza kubeba barua pepe na tovuti ya kampuni. Nimehudumia seva za ofisi ndogo kwa miaka mingi na maswali yote mawili nitayajibu. Naomba tu nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote: siku diski itakapokufa, au mtu atakapofuta folda ya wateja kwa bahati mbaya, mtairudisha kazi kutoka wapi, na itawachukua saa ngapi?

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Katika ofisi moja niliyoifungia seva, niliweka diski ya nje ya USB na kuandika skripti fupi, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, ya kunakili mafaili yote kila usiku saa nane. Kila asubuhi ilinijia taarifa kwamba kazi imekamilika bila hitilafu, nami nikaamini. Miezi mitano baadaye diski kuu ikafa, na nilipoifungua diski ya nje nikakuta nakala ya mwisho ni ya wiki ya tatu tangu tuanze. Kumbe siku ile meza zilipohamishwa kebo ilichomolewa ikachomekwa tena, lakini mfumo haukuiunganisha diski na folda yake. Folda ile ilibaki pale pale, tupu, ndani ya diski kuu yenyewe, na skripti ikaendelea kunakili humo usiku baada ya usiku bila kulalamika. Asili na nakala zilikuwa zinalala kwenye diski moja, zikafa pamoja. Mhasibu alilazimika kuingiza upya ankara za miezi minne kutoka kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, na mimi nilikaa naye nikimsomea tarakimu.

Tangu hapo nafanya mambo mawili bila kuacha. Kwanza, kwenye diski ya nje naweka faili dogo la alama, na skripti hulitafuta kabla ya kuanza. Lisipoonekana, kazi inasimama na onyo linatumwa. Pili, kila mwanzo wa mwezi narudisha folda moja kutoka kwenye nakala na kuyafungua mafaili yake mbele ya mtu anayeyatumia, kwa sababu yeye ndiye atakayejua kama hesabu ni za jana au za mwaka jana. Taarifa ya kwamba kunakili kumekamilika hainitoshi tena.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni ya 3-2-1: nakala 3 za data, juu ya vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae nje ya jengo. Kwa ofisi yenu hiyo ina maana ya data iliyo kwenye seva yenyewe, diski za nje mbili zinazopokezana kila wiki, na nakala iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila nywila, inayopelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kupokezana huko ni muhimu kuliko kunavyoonekana. Programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia kila diski zinayoikuta imeunganishwa, kwa hiyo diski iliyo kabatini ikiwa imechomolewa ndiyo itakayosalimika.

Programu ya uhasibu ina jambo lake la pekee. Nyingi huhifadhi data katika hifadhidata ambayo iko wazi muda wote, na ukilinakili faili lake huku programu inaandika, unaweza kupata nakala iliyovunjika isiyofunguka. Tumia njia ya kutoa nakala iliyomo ndani ya programu au hifadhidata yenyewe, kisha faili linalotoka ndilo ulinakili nje.

Watakushauri kufunga diski mbili kwa mtindo wa RAID 1, ambapo kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili. Fanya hivyo, kwa maana diski moja ikifa ofisi haisimami. Lakini usiihesabu kuwa nakala rudufu, kwa kuwa ukifuta faili linafutwa kote kwa wakati uleule. Na hakikisha mfumo unakutumia onyo diski moja inapokufa. Nimeona seva zilizokaa muda mrefu zikitegemea diski moja iliyobaki bila mtu yeyote kujua.

Sasa mashine. Kwa watu wanane wanaofungua nyaraka na hesabu, prosesa ya kawaida ya kisasa na memori ya GB 16 zinatosha, na fedha itakayobaki ielekezeni kwenye diski zilizotengenezwa kwa kazi ya saa 24, memori ya ECC inayosahihisha makosa madogo ya data, na UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa seva umeme unapokatika. Kabla ya kuchagua mfumo endeshi, waulize watengenezaji wa programu yenu ya uhasibu inafanya kazi juu ya mfumo gani. Ikidai Windows Server, basi mkumbuke kuhesabu leseni ya kila mtumiaji au kifaa, kwa sababu katika toleo la Standard leseni ya seva peke yake haitoshi. Isipodai, mfumo wa bure wa Linux wenye Samba, programu ya kugawia mafaili, utagawa mafaili kwa kompyuta za Windows bila shida, na matoleo ya LTS (yanayotunzwa kwa muda mrefu) ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5.

UPS nayo inafungwa nusunusu katika ofisi nyingi: umeme unapitishwa, lakini kebo ya USB ya kuiunganisha na seva inabaki ndani ya boksi. Bila kebo hiyo seva haiwezi kujua kwamba inaendeshwa na betri, kwa hiyo betri ikiisha inazimika ghafla, na hifadhidata ikakatika katikati ya kuandika. Iunganishe, weka programu ya kuizima seva kwa utaratibu chaji inapopungua, kisha chomoa UPS ukutani mchana mmoja baada ya kazi uone kama inazima kweli. Betri zake za risasi kwa kawaida huchoka baada ya miaka 3 hadi 5.

Seva ipewe anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika na iunganishwe kwa kebo kwenye swichi ya gigabiti, kifaa cha kuunganishia kompyuta za ofisi, ambayo hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde; Wi-Fi waachie simu na wageni. Ikae kwenye chumba kinachofungwa na kinachopitisha hewa.

Kila mtu awe na akaunti yake, na ruhusa zitolewe kwa vikundi, ili mtu akiondoka kazini ufunge akaunti moja bila kubadilisha nywila ya ofisi nzima. Anayefanya kazi akiwa nyumbani aingie kwa VPN, yaani njia ya siri ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, kwa programu kama WireGuard. Kamwe usifungue lango la 445, mlango wa mtandao ambao seva hugawia mafaili, lionekane kwenye intaneti. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kupitia udhaifu wa toleo la zamani la huduma hiyohiyo kwenye Windows, SMB 1, ilhali Microsoft walikuwa wametoa kiraka, yaani sasisho la kuuziba udhaifu huo, tangu Machi mwaka huo. Ofisi ambazo hazikuwa zimekiweka ndizo zilizoumia. Kwa hiyo zima SMB 1, na tenga saa moja kila wiki kwa ajili ya masasisho.

Kuhusu barua pepe na tovuti, jibu langu ni hapana. Watoa huduma wengi wa intaneti huzuia lango la 25, ambalo seva za barua pepe hutumia kupelekeana ujumbe, na ujumbe unaotoka kwenye anwani ya ofisi ndogo mara nyingi huangukia kwenye kapu la taka la mpokeaji hata ukiwa umesanidi kila kitu sawasawa. Tovuti nayo inaalika watu wasiojulikana kwenye mashine ileile inayotunza hesabu zenu. Vyote viwili vipangishieni kwa watoa huduma wa kazi hiyo, na usajili wa jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti na barua pepe zenu, uwe kwa jina la kampuni, si la fundi aliyewafungia.