Jibu: Watoto wa Gulu hawakungoja tu kuokolewa

Ndugu yangu, umeuliza iwapo watoto wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, walikuwa wakingoja tu kuokolewa wakati wa vita vya waasi wa Joseph Kony. La hasha. Katika miaka ya 2003 hadi 2005, maelfu yao walikuwa wakitoka vijijini kila jioni, wakitembea kilomita kadhaa na blanketi au gunia kichwani, ili, kwa kuogopa kutekwa na waasi usiku, walale mjini Gulu kwenye kituo cha mabasi, katika baraza za maduka au ndani ya ua wa Hospitali ya Lacor, kisha alfajiri wakirudi makwao. Wakubwa waliwashika wadogo mikono. Binafsi sipendi waitwe wahanga tu, kwani wengi walifanya safari hiyo bila mzazi.