Mbona Wao Wanaruhusiwa?

Kila ubishi wa vita unaozuka kwenye simu zetu, uwe wa Gaza, wa Ukraine au wa Goma kule Kongo, haumalizi siku mbili kabla ya kufika kwenye swali lile lile: mbona wao wanaruhusiwa? Mbona jarida la Paris likimchora Mtume ni uhuru wa maoni, na mwingine akiandika sentensi moja Facebook anafuatwa na polisi? Mbona kauli kali za upande huu zinaachwa na za upande ule zinafutwa?

Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja Mombasa. Wengine tuko hapa hapa, wengine Dar, mmoja Bremen, wengine Muscat na Dubai. Baadaye wake na waume wakaongezwa, na kundi lililoanzishwa kwa michango ya harusi na misiba likajaa ubishi wa vita tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023. Haya ninayoyasema nimeyaona yakitendeka, mara nyingi saa sita za usiku na macho yamejaa usingizi.

Swali hilo aghalabu lina haki. Ubaya wake ni kwamba linawafanya watu wadhani wanakubaliana. Kwa hiyo mtu akiliuliza, usimbishie na usimwitikie. Muulize: sasa wewe unataka na wao wazuiwe, au unataka na sisi turuhusiwe?

Chukua Ufaransa, maana kwetu haikosi kutajwa. Januari 2015 watu 12 waliuawa katika shambulio la Charlie Hebdo, lile jarida la Paris lililomchora Mtume, na tarehe 11 viongozi wa nchi nyingi wakaandamana Paris. Siku chache baadaye mchekeshaji Dieudonné akakamatwa kwa kuandika Facebook kwamba anajihisi "Charlie Coulibaly", akiunganisha jina la jarida na la yule aliyeua watu kwenye duka la Wayahudi wiki hiyo hiyo. Machi mahakama ikampa kifungo cha nje cha miezi miwili. Kauli yenyewe inachefua, lakini ukiiweka kando ya yale maandamano, swali la mbona linajiuliza lenyewe.

Basi yule mwenzetu wa Bremen na mwalimu mmoja wa madrasa wa hapa Mombasa, ambaye sote tunamwita Ustadh, waliitumia kesi hiyo wiki nzima kama jeshi moja. Huyu akituma, yule anaweka kidole gumba. Nilipowauliza swali langu, wa Bremen akasema Dieudonné aachwe na wachoraji waachwe. Ustadh akasema vyote viwili vipigwe marufuku. Wiki nzima walikuwa wakishangiliana, na kila mmoja anataka sheria ambayo mwenzake angeipinga hadi mahakamani.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuwa na maana. Ustadh akaleta Denmark, ambako Desemba 2023 bunge lilipitisha kwa kura 94 dhidi ya 77 sheria ya kuzuia kuchoma au kuchana hadharani maandiko matakatifu ya dini zinazotambuliwa, baada ya misahafu kuchomwa mara kwa mara. Akasema, hao Wazungu, wameona wenyewe. Wa Bremen akamjibu kwa ujumbe mfupi: "Shehe, na mihadhara je?"

Aliyekulia Pwani anaijua mihadhara ya kulinganisha dini. Mhadhiri amesimama na Biblia mkononi, kipaza sauti kimefunguliwa mpaka mwisho, anasoma aya kwa aya kuthibitisha kwamba Yesu si Mungu, na kesho yake mhubiri wa mkutano wa injili anajibu kwa Kurani upande wa pili wa mtaa. Ustadh mwenyewe anaipenda mno. Akajibu kwamba kunukuu si kutukana. Akaulizwa: nani ataamua, OCS (mkuu wa kituo cha polisi)? Hilo bado wanalo mpaka leo, na mimi siliingilii, kwa sababu sasa wanabishana juu ya jambo wanalotofautiana kweli.

Jambo la pili ninaloshauri ni kutopoteza usiku kwa ubishi wa nani aitwe gaidi na nani mwenye msimamo mkali. Machi 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook, iliruhusu kwa muda, kwa baadhi ya nchi, maneno ya kutaka wanajeshi wa Urusi waliovamia Ukraine wadhuriwe, maneno ambayo kwa kawaida ingeyafuta. Mwezi huo huo mahakama ya Moscow ikaitangaza Meta kuwa shirika lenye msimamo mkali, huku Urusi yenyewe ikipitisha sheria ya hadi miaka 15 jela kwa atakayesambaza habari "za uongo" kuhusu jeshi lake. Neno ni lile lile, kila mmoja analibandika anapotaka. Na hatuhitaji kwenda Moscow. Mau Mau, wapigania uhuru wa Kenya, waliitwa magaidi na Waingereza, na marufuku dhidi yao haikuondolewa hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru, tukiwa tumeshaita barabara kwa jina la Kimathi, kiongozi wao. Nelson Mandela alikuwa kwenye orodha ya Marekani ya wanaofuatiliwa kwa ugaidi hadi 2008.

Simaanishi kwamba ugaidi haupo. Watu 67 waliuawa Westgate 2013, na 148 Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Sisi wa Pwani tulipata na upande wa pili pia: kati ya hayo mawili polisi waliuvamia Msikiti Musa wa hapa Mombasa, na vijana wengi wakabebwa kwa sababu ya kanzu na ndevu. Ndiyo maana kundini huwa nasema, tuambie amefanya nini au amesema nini, neno kwa neno, kisha tuzungumze. Jina la kumpachika litasubiri.

Ila yapo ninayoyafuta bila mjadala. Jirani zetu Rwanda walikuwa na redio, RTLM, na mwaka 1994 ilitangaza watu wa kuwindwa, pengine hadi kwa majina. Kesi ya wenye vyombo vya habari vya aina hiyo ilisikilizwa Arusha, na hukumu ikatoka Desemba 2003. Ninavyo kichwani vigezo sita vya kupima maneno ya uchochezi, vya mpango wa Umoja wa Mataifa uliokubaliwa Rabat mwaka 2012: hali iliyopo wakati huo, msemaji ana nguvu gani, anakusudia nini, maneno yenyewe, yanafika mbali kiasi gani, na uwezekano wa madhara kutokea. Vimewekwa kwa ajili ya majaji, lakini admini naye anavihitaji. Mchoro wa kuudhi hupita. Goma ilipotekwa Januari 2025, ujumbe wa sauti ukaletwa ukisema watu wa kabila fulani watafutwe nyumba kwa nyumba. Huo haukupita. Nilimpigia aliyeuleta badala ya kumwandikia mbele ya watu. Kwenye simu mtu hana watazamaji wa kuwaridhisha. Alisema ameletewa na hakuusikiliza hadi mwisho.

Ujumbe huo ulikuwa na mishale miwili, alama ya kitu kilichosambazwa mara nyingi sana. Ukiiona kwenye habari ya vita, punguza haraka. Zimewahi kuzunguka video za "makombora" kumbe ni mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3, hadi waliouunda wakatoa tamko.

Aliyetuumbua wote kwa mizani mbili ni shemeji yetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, ambaye huwa kimya. Kundi lilikuwa limetuma picha za Gaza mwaka mzima. Februari 2025 mji wao ulipoangukia waasi wa M23, siku nzima hakuna aliyeandika neno. Usiku akauliza kwa utaratibu tu: "Ndugu zangu, kwetu nako hamna maoni?" Ikaja mvua ya pole. Na baadaye El Fasher ya Sudan ilipotekwa Oktoba hiyo, yeye ndiye aliyeileta, si sisi. Kabla hujamshtaki BBC au Facebook kwa kuchagua maiti wa kulilia, pekua kwanza uliyoyatuma wewe mwenyewe mwezi uliopita.

Mwisho, walio Ghuba. Huko neno la siasa linaweza kumgharimu mtu kibali cha kazi na kurudishwa nyumbani, na walio Ulaya wanasahau hilo wanapowaita kwa majina: "Mbona wewe wa Dubai umenyamaza?" Mwache. Asilazimishwe kujibu, asitajwe, na ukitaka maoni yake ngoja aje likizo.